Mpaka Ushanga wa Mwisho

"Fungua kabisa, papa. Tena kidogo. Njo vile."

Bwalya alipanua kinywa mpaka taya likalia kama bawaba. Mzee Alimasi akaingiza kioo chake kidogo chenye mpini mrefu, akakizungusha, na kule nyuma, chini kushoto, akaliona shimo la jino. Lilikuwa shimo safi, lenye kuta alizozichonga mwenyewe, na alilitambua mara moja kama mtu anavyotambua mwandiko wake. Ila lilikuwa tupu.

"Ilianguka siku gani?"

"Jana, saa ya kukula." Bwalya alijifuta mate kwa kiganja. "Nilifikiri ni jiwe ya mu maharagi. Nikatema. Kuangalia hivi: aa, hii haiko jiwe, hii ni kazi ya muzee!"

Akatoa kiberiti mfukoni, akakifungua polepole. Ndani, juu ya njiti tatu, kizibo cheupe kilikuwa kimelala, kikubwa kama punje ya mahindi.

Laiti angekuja na hasira! Alimasi alikuwa na majibu ya kuwapa watu wenye hasira. Lakini Bwalya, fundi mwashi mwenye vumbi la saruji kwenye nyusi, alikileta kizibo kile kwa adabu, kama mtu anayerudisha kitu cha jirani alichokiokota njiani. Adabu hiyo ilimchoma mzee kuliko matusi.

Alikichukua akakisogeza dirishani. Juu kiling'aa, kigumu sawasawa, hata alama za kutafunia zilikuwepo. Akakigeuza, akapitisha ukucha wa dole gumba upande wa chini. Ukucha uliacha mchirizi, kama kwenye sabuni.

"Ilikaa mwaka moya na miezi mbili tu," alisema.

"Usikasirike, muzee. Pengine ni mi nilikulaka mubaya."

Alimasi alishusha daftari kutoka rafuni, akatafuta ukurasa, akachukua kalamu nyekundu.

Daftari hilo lilikuwa la tatu. La kwanza alilianza mwaka 1984, katika hospitali ya kampuni ya migodi, alikofundishwa kazi angali kijana mwenye shingo nyembamba. Kila jino aliloliziba lilikuwa na mstari wake: jina la mtu, jino gani, dawa gani, tarehe gani. Na kila jino lililomrudia limeharibika alilitia alama nyekundu pembeni. Watoto wake walipokuwa wadogo waliliita daftari la dhambi, naye alicheka pamoja nao.

Sasa, kazi ya meno ina upweke wake, ambao fundi viatu haujui. Fundi viatu huviona viatu vyake vikipita barabarani. Mwashi hupita mbele ya ukuta aliousimamisha, akakohoa kwa majivuno. Mziba meno hana bahati hiyo. Kazi yake ikitoka nzuri hufungiwa ndani ya kinywa cha mtu, na mwenye kinywa haonekani tena. Aje kufanya nini, naye haumwi? Anayerudi ni yule aliyeangukiwa. Kwa miaka arobaini Alimasi aliwasihi watu, "Rudia kisha miezi sita, niangalie tu," nao wakaitikia, "Ndiyo, docta," wakapotelea mitaani Katuba. Kwa hiyo alichokijua kwa hakika juu ya kazi yake ni makosa yake tu. Mistari mingine yote ilikuwa kimya. Siku moyo ukiwa mweupe alijiambia kimya kile ni afya. Siku nyingine alijiambia watu wamekwenda kwa mwingine.

Ila siku hizi mistari ilikuwa imeanza kusema, tena kwa kelele. Bwalya alikuwa wa tano mwezi huu. Zamani watano walimtosha mwaka mzima.

"Sikia, Bwalya," alisema, akifunika kalamu. "Natiya dawa ya kushikilia siku mbili tatu. Kisha utafute mwingine ku ville, kule katikati ya muji. Mi nafunga. Kesho Kabwe anakuya kukamata kiti."

Kabwe alikuwa kinyozi wa avenue ya pili. Kiti cha meno kinacholala nyuma kilikuwa kimemkosesha usingizi mwaka mzima. Alitaka wateja wake wanyolewe ndevu wamelala kama mawaziri. Alimasi alimkatalia mara tatu, na mara ya nne akakubali. Naye Jamali, mwanawe wa Kolwezi, alikuwa amekwisha kumtayarishia chumba. "Baba, kuya upumuzike," alikuwa akisema kila Jumapili kwenye simu, na Jumapili iliyopita baba yake alijibu ndiyo.

"Unafunga?" Bwalya aliinuka nusu. "Mais muzee, mi siende ku ville. Kule banaangalia viatu mbele ya kuangalia meno!"

"Lala, mutoto wangu. Fungua."

Fundi alipoondoka alikisahau kiberiti chake. Alimasi alikaa. Chumba kilikuwa kidogo, kiti kimoja katikati, rafu moja ukutani, na kando ya kiti kigoda cha mbao ambacho hakuna aliyekikalia kwa miaka minne. Alikuwa anaweka juu yake boksi la glavu, kisingizio tu, ili mgonjwa yeyote asije akakisogeza. Kilikuwa kigoda cha Djamila, mke wake.

Aliinua mkono wa kulia mbele ya macho yake. Ulitetemeka kidogo, si sana. Mkono ndio umezeeka, basi. Zamani, wakati wa dawa nyeusi, mkono ulikuwa ndio kila kitu. Ile ilikuwa madini, fedha iliyokorogwa na zebaki, na uliibana ndani ya jino kwa nguvu mpaka ikalia kwii chini ya chuma. Kisha ilijigandisha yenyewe, haimhitaji mtu. Iliweza kukaa mdomoni miaka ishirini, thelathini. Lakini ikaadimika, na watu nao wakaanza kuikataa, kwamba inawafanya wacheke na pengo wakati hawana pengo. Ndipo ikaja dawa nyeupe, yenye matakwa ya aina yake. Hii haitaki mate hata tone. Hutiwa tabaka kwa tabaka, jembamba kila moja, na kila tabaka huangaziwa taa ya bluu ndipo igande.

Taa hiyo ilikuwa kazi ya Djamila. Mwanga wake ulimuumiza Alimasi macho, kwa hiyo kila ilipowashwa yeye alikuwa anageukia ukutani, kwenye rafu, kutayarisha tabaka lingine, asisikilize milio ya taa, mpaka amsikie mkewe akisema, "Tayari." Djamila alipofariki, aliishika taa mwenyewe. Ikilia tii, anaiondoa, anaendelea. Mkono mmoja taa, mkono mwingine kuvuta shavu na pamba. Kazi ya watu wawili alikuwa anaifanya peke yake, kama vile alivyokuwa anapika bukari, ugali wa kwao, peke yake na kuimaliza kwa siku mbili.

Alifunua kurasa za miaka ya nyuma. Ajabu ni kwamba dawa nyeupe ya zamani ilikuwa na alama nyekundu chache mno. Je, ilidumu, au watu walimhama kimyakimya? Hakuweza kwenda Kolwezi akafe na swali hilo. Alitaka kinywa kimoja tu, kimoja, kimwambie kama alipata kuijua kazi hii. Kidole chake kilishuka mpaka kwenye jina la Honorine: jino la mbele juu, kona imevunjika, dawa nyeupe, matabaka matatu, miaka saba iliyopita. Hakuna jino gumu kuziba kuliko hilo. Kona ya jino la mbele haina pa kujishikilia. Inaning'inia tu, na kila mkate, kila muwa, unaivuta. Kama hiyo nayo ilianguka, basi hata zamani alikuwa akijidanganya.

Aliweka kioo mfukoni mwa shati, akafunga mlango.

Honorine alishona karibu na soko la Katuba, chini ya kibaraza cha bati. Alikuwa mwanamke mnene mwenye mita ya kupimia shingoni, na Alimasi alipofika alikuwa amemaliza mkono wa blauzi. Aliinua kitambaa mdomoni na kukata uzi kwa meno, ta!

Alimasi alisimama kama aliyepigwa.

"Karibu, papa. Ni ya kushona ao ya kupanua?"

"Haiko nguo, mama. Naomba... naomba nione jino yako."

Honorine alimtazama kutoka kofia mpaka viatu. "Papa! Na hii mvi yote? Si uanze na kuniuliza yambo?"

Mzee aliona haya mpaka masikioni. "Yambo, mama. Mi ni Alimasi, docta wa meno. Ulikuyaka kwangu, ni miaka saba. Ulivunjaka jino na chupa."

"Eeh! Chupa ya ndoa ya dada yangu!" Alicheka kwa kinywa chote, na katika kicheko hicho mzee aliliona, halafu likajificha. "Bantu yote walisema: Honorine, utapata bwana namna gani na ile dirisha? Kuya, angalia. Angalia tu."

Aligeuza uso juani. Alimasi alikipangusa kioo kwa leso, akainama. Kona ilikuwepo. Ilikuwa imepata umanjano wa chai, na mahali ilipokutana na jino lenyewe palikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Kwenye ukingo, pale pa kukatia, uzi ulikuwa umechimba kijifereji chake, maelfu ya nyuzi kwa miaka saba. Aliligusa kwa ukucha. Halikutikisika, wala ukucha haukuacha kitu.

"Haikukusumbuaka?"

"Hii? Nilisha kusahau kama haiko ya Mungu." Aliufunga mdomo, akaupapasa kwa ulimi kama anayelitafuta jino hilo kwa mara ya kwanza. Kisha uso wake ukachangamka. "Mais mama ule eko wapi? Mama wa shapele?"

"Mama wa nini?"

"Ule mwenye alikamataka taa! Mukono moya taa, mukono ingine shapele yake, shanga za kuomba, anapitisha, anapitisha. Mi kinywa wazi, mate inashuka. Taa inalia tii, nafikiri imeisha, yeye anatikisa kichwa. Tii ya mbili, anatikisa. Tii ya tatu, anatikisa tu! Mupaka shapele izunguke yote, njo anasema, tayari. Nilikuwa nahesabu naye juu ya kukosa kazi: makumi tatu na tatu. Kisha munatiya dawa ingine, anaanza tena. Mara tatu, papa! Taya yangu ilikufa kabisa." Alicheka tena, halafu akapunguza sauti. "We, naomba unisamehe, sura yako sikumbuke. Ulikuwa unaangalia ku ukuta."

Alimasi alikuwa ameshika kioo kwa mikono miwili.

"Alikufa," alisema. "Ni miaka ine."

"Oh, papa. Pole. Pole sana." Honorine aliweka mkasi chini, akamsogezea kiti cha wateja, naye mzee akakaa bila kujua kama amekaa.

Furaha ilikuja, asiseme mtu haikuja. Jino lilikuwa limesimama. Lakini nyuma ya furaha hiyo kulikuwa na kitu kingine kilichokuwa kinaingia polepole. Tasbihi ile aliijua. Ilikuwa ya shanga nyeusi, thelathini na tatu na moja kubwa ya kufungia, na Djamila aliirithi kwa mama yake huko Kasongo. Miaka yote alidhani mkewe anaomba tu, anaijaza nafasi kwa dhikri kama wanawake wengine wanavyoijaza kwa kusuka vikapu. Tabaka la kwanza, Subhanallah. La pili, Alhamdulillahi. La tatu, Allahu Akbar. Alikuwa anamsikia akinong'ona mgongoni pake, naye anakoroga dawa.

Akaikumbuka siku muuzaji alipokuja na taa hiyo, ameivusha mpaka wa Mokambo ndani ya begi la nguo. Alimasi alikuwa ameshikwa na vibomba vya dawa nyeupe, anavifungua, anavinusa, anauliza rangi. Aliyeuliza habari za taa alikuwa Djamila. Walizungumza mlangoni kitambo, yeye na muuzaji. Alichoambiwa, Alimasi hakumwuliza. Hakumwuliza siku ile, wala miaka yote iliyofuata.

Alirudi chumbani kwake jua lingali juu. Juu ya kipande cha kioo alidondosha matone mawili ya dawa, manene sawa. La kwanza akaliangazia taa mpaka ilipolia tii, akaiondoa kama alivyozoea. Kwa la pili aliitungua tasbihi ya Djamila kwenye msumari ilipokuwa inaning'inia, akaizungusha yote, ushanga kwa ushanga, bila haraka, na taa ikalia mara tatu kabla hajafika kwenye ule mkubwa. Kisha akayabandua matone yote mawili, akayageuza.

Juu yalikuwa sawa, magumu yote mawili. Chini, la kwanza lilipokea ukucha kama sabuni. La pili lilikuwa jiwe.

Alikaa kwenye kigoda cha Djamila. Boksi la glavu lilianguka chini naye hakuliokota. Haukuwa mkono, basi, wala uzee, wala dawa; ulikuwa muda wa taa. Miaka minne alikuwa anawapa watu ganda zuri juu na uji chini, anawatuma nyumbani wakale. Alichukua daftari, akaanza kuhesabu kutoka juma lililofuata mazishi mpaka kwa Bwalya. Ukiondoa waliokwisha kurudi, walikuwa watu mia na kumi na sita. Watu hao walikuwa wanatafuna kwa amani huko nje, wakimwamini.

Ndipo akalia. Hakulia hivyo siku ya mazishi, kwa sababu siku hiyo watu walikuwa wengi na ilimpasa awakaribishe. Alilia kwa aibu, na alilia kwa hamu ya kumwuliza mtu swali moja dogo la kazi.

Asubuhi hakungoja mtu amrudie. Alienda mwenyewe mpaka kwenye ujenzi, akamkuta Bwalya juu ya ngazi ameshika mwiko.

"Muzee! Haiyaanguka bado!"

"Nayua. Shuka. Nawa mikono, kuya."

Saa tatu Bwalya alikuwa amelala kwenye kiti, jino limesafishwa upya na kukaushwa, tabaka la kwanza limekwisha kutandazwa chini kabisa ya shimo. Taa ilikuwa mkono wa kulia wa Alimasi. Mkono wa kushoto ulikuwa unavuta shavu na kubana pamba, na kama angeuachia, mate yangefurika. Akabaki hivyo, anaitazama tasbihi mapajani pake. Mkono wa tatu hakuwa nao.

"Bwalya. Kamata hii."

Bwalya aliinua shanga zile kwa vidole vilivyopasuka kwa saruji, akazitazama kwa mashaka, akasema kwa kinywa kilichojaa pamba kitu kilichosikika kama, "Mi ni Méthodiste."

"Haiombe dini. Inaomba vidole. Pitisha moya moya, usikimbize. Ukifika ku hii kubwa, simama."

Mlangoni palitiwa kivuli. Kabwe alikuwa amefika na mkokoteni, na kamba begani, na uso wa mtu aliyekwisha kuwaambia wateja wake. "Yambo, muzee. Nakuta kiti eko na muntu?"

"Eko na muntu."

Alimasi akawasha. Mwanga wa bluu ukajaa kinywa cha fundi mpaka mashavu yakaonekana mekundu kwa nje. Ushanga wa kwanza ukapita, ta. Wa pili. Wa tatu. Taa ikalia tii.

"Imeisha?" Kabwe aliingia hatua moja, akainama kupima miguu ya kiti. "Mi nitakamata huku chini."

"Bado."

"Mais taa imelia."

"Inalia tu, Kabwe. Bado." Daftari lilikuwa wazi kwenye rafu, na kando yake karatasi yenye majina, la Bwalya juu. "Kisha huyu kuko bantu mia na kumi na sita. Nitabafata ku mulango moya moya. Kiti itangoja."

Kabwe akautazama uso wa mzee, akaishusha kamba begani. Alikaa kwenye mkokoteni wake huko nje.

Tabaka la pili likaingia, na duru ya pili. Likaja la tatu, la juu, ambalo Alimasi alilichonga kwa uvumilivu, na mabonde yake na mifereji yake, kama jino lilivyokuwa kabla ya kuoza. Akawasha tena. Mwanga ulimuumiza macho, kama siku zote. Mikono yake ikabaki pale pale, ila uso akaugeuzia ukutani, kwenye rafu, alikokuwa anautazamisha zamani.

Nyuma ya sikio lake shanga zilikuwa zinapita, moja, nyingine, bila haraka. Taa ikalia tii, na shanga zikaendelea. Ikalia mara ya pili. Ya tatu. Halafu zikanyamaza, zote zimezunguka, na Bwalya akabaki kimya na kinywa wazi chini ya mwanga.

Alimasi hakugeuka. Alikuwa anangoja kuambiwa, "Tayari."